Ombi la Ziwa

Tok. Kimya kidogo. Tok. Mguu mmoja wa kitanda cha kubembea ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, kwa hiyo kila nilipokisukuma kwa kidole kiligonga jiwe la sakafu. Giza lilikuwa bado. Jogoo wa jikoni hajawika, na mimi nimekaa kwenye baridi ya alfajiri nikimbembeleza mtoto wa mtu aliyeniulia mume.

Mtoto mwenyewe aliitwa Lapo. Hata miezi miwili hajafikisha. Alilala ngumi zote mbili zikiwa chini ya kidevu, kama mtu anayeficha kipande cha mkate.

Mlango ukafunguka polepole. Aliingia Bwana Ormanno, miguu mitupu, mshumaa mkononi, akainama juu ya mwanawe na kumwekea kidole chini ya pua.

"Anapumua?"

"Anapumua, Bwana."

"Sawasawa?"

"Kama watoto wote."

"Sikukuuliza watoto wote, Bartola. Nimekuuliza huyu."

Aliigusa ile marijani nyekundu iliyofungwa shingoni mwa mtoto kuzuia jicho la hasidi, akakaza fundo lake, akatoka. Kila alfajiri alikuja hivyo. Mtu ambaye Montardo nzima ilimwogopa, msimamizi mkuu wa nyumba ya Markizi, mtawala wetu, alikuwa anatembea bila viatu gizani kwenda kuhesabu pumzi za mtoto mchanga. Mwanzoni sikujua anaogopa nini. Nilipojua, niliacha kulia usiku.

Nchi yetu ya Montardo ni ndogo. Ukipiga chafya ngomeni, wa kukuombea heri yuko nchi ya pili. Hata hivyo ina Markizi wake, mzee Ercolano Valdrani, ina wanajeshi wake wenye kofia za chuma zilizopasuka, na ina adui wake, mji wa Sorvagna, ng'ambo ya mto. Mume wangu Tebaldo alikuwa bawabu wa Lango la Vinu. Ufunguo wake ulikuwa mrefu kama mkono wa mtoto, akilala nao chini ya godoro, na mimi nilikuwa namtania kwamba ameoa wake wawili.

Usiku mmoja wa kiangazi watu wa Sorvagna waliingia kwa lango hilo. Halikuvunjwa. Lilifunguliwa. Kabla ya kufukuzwa alfajiri walikuwa wameshamuua Ridolfo, mtoto mkubwa wa Markizi, kwenye ngazi za nyumba yao, akiwa amevaa shati la kulalia tu.

Tebaldo alirudi nyumbani kabla ya jua kuchomoza, mweupe kama unga.

"Bartola, jana jioni Ormanno aliniazima ufunguo. Alisema Markizi anataka kutoka kwa siri. Nikampa. Mimi ni nani nimuulize Ormanno?"

"Nenda ukaseme hivyo hivyo."

"Kwa nani? Nani atanisikiliza mimi amwache yeye?"

Alisema kweli. Saa ile ile Ormanno alikuwa ameshasimama mbele ya Markizi, mkono juu ya mfupa wa Mtakatifu Verano, akiapa kwamba alimwona Tebaldo kwa macho yake akizungusha ufunguo. Ormanno alikuwa ameahidiwa na Sorvagna kiti cha Markizi. Sorvagna waliposhindwa, alihitaji mtu wa kutupiwa mzigo, na mtu huyo akawa mume wangu. Tebaldo aliruka ukuta wa mji akatoroka. Akafia kwenye vinamasi vya chini ya mto, kwa homa, na mwenye punda mmoja akaniletea mkanda wake. Mimba yangu ilikuwa changa.

Kwetu, mhaini akikosekana mwili, hutundikwa kwa rangi. Mchoraji aliletwa, akapanda jukwaa, akamchora Tebaldo kwenye ukuta wa ikulu unaotazama soko: kichwa chini, amening'inia kwa mguu mmoja, ulimi nje, mfuko wa fedha shingoni. Chini yake jina. Siku ya sikukuu ya Mtakatifu Verano watoto hupewa matango na tanipu zilizooza wamtupie, na wakubwa hushangilia mlengaji hodari.

Wakati ule sikujua kusoma. Sista Eufrasia alikuwa akitufundisha jioni, kwenye chumba cha nyuma cha watawa, sisi wafuaji nguo na wasichana wanaosokota hariri, mikono yetu bado ina harufu ya kazi. Nilikwenda kwa sababu moja tu. Nilitaka nijisomee mwenyewe kilichoandikwa chini ya mume wangu, nisisomewe na mtu anayecheka. Nilipoweza, nilisimama mbele ya ukuta nikasoma herufi moja moja: *Tebaldo, aliyeuza lango.* Nikarudi kwa Sista nikamwambia anifundishe zaidi. Nilikuwa na binti, Fiore, na nilitaka binti yangu ajue kusoma kabla hajajua kuinama.

Yule wa tumboni alizaliwa wa kiume, akaishi wiki tatu. Maziwa yakabaki na mimi, hayana pa kwenda. Ndipo alipokuja mkunga wa mji, Mona Cecca.

Mke wa Ormanno, Bibi Lisabetta, alikuwa amezika wanawe wawili wa kiume waliokwisha kuanza kutembea, mmoja baada ya mwingine, tangu siku ya kile kiapo. Huyu wa tatu alikuwa anakataa ziwa la kila mnyonyeshaji. Mona Cecca alinikamua tone kwenye ukucha wa kidole gumba, akaliinamisha kwenye mwanga.

"Halikimbii, wala haligandi. Haya ndiyo maziwa."

"Kwa mtoto wa Ormanno?"

"Kwa mtoto, Bartola. Mtoto akiwa na njaa haulizwi ni wa nani."

Mama mkwe wangu, Drusiana, alikuwa anamenya vitunguu pembeni. Hakuinua kichwa mpaka mkunga alipoondoka.

"Utakwenda?"

"Mama, wiki nzima tumekula maganda ya kunde."

"Sijakukataza. Nenda." Akasukuma maganda pembeni. "Ukifika huko, mto wa kulalia upo. Mto hausemi."

Niliupanda ule mlima na maneno hayo kifuani. Nilipowekewa mtoto mapajani nikasubiri chuki ije. Ilikuja. Lakini haikuangukia pale nilipoitarajia. Lapo alishika ziwa, akafumba macho, akakikamata kidole changu kama mtu aliyeshika kamba majini, na ile chuki ikaruka juu ya kichwa chake ikaenda kusimama mlangoni, aliposimama baba yake.

Kwa nini Ormanno alikubali mimi, kati ya wanawake wote? Hilo lilinisumbua mpaka siku nilipomsikia akibishana na mkewe nyuma ya pazia, wakidhani niko kisimani nafua nepi.

"Umeniletea mjane wa mhaini aninyonyeshee mtoto!"

"Lazima awe yeye, Lisabetta. Lazima. Akitoa ziwa lake kwa hiari, kiapo kitalegea. Itakuwa kama nyumba ya Tebaldo imesamehe."

"Kiapo gani kilegee? Wewe si uliapa kweli?"

Kisha sauti ya chini: "Nilisema nini? Funga dirisha, baridi inaingia."

Nikarudi nyuma taratibu, nepi zikinidondokea miguuni. Sasa nilijua. Watu wa Montardo wote, tajiri na maskini, tunaamini jambo moja: kiapo cha uongo hakimrudii aliyeapa, kinakwenda kwa mtoto wake. Ormanno alikuwa amewazika wawili na anaamini ni yeye aliyewaua. Na badala ya kwenda kutubu, akafikiri kwamba maziwa yangu yatamfulia kosa lake kama sabuni. Akanifungulia mlango mwenyewe, akanikalisha karibu na kitu pekee duniani alichokipenda.

Hata hivyo sikujua nifanye nini na hilo nililolijua. Miezi ikapita. Lapo akaota meno, akaniuma, nikampiga kidogo, akacheka. Akasimama kwa kushika sketi yangu. Jioni nilipewa ruhusa kushuka kwa watawa na kumwona Fiore wangu, aliyekuwa akikaa kwa bibi yake.

Kisha ikaja sikukuu ya Mtakatifu Verano. Nilimkuta Fiore mlangoni, anarukaruka, mikono imejaa uozo mpaka viwikoni.

"Mama! Mama, nimempiga mtu wa ukutani! Cha kichwa! Beppa amemkosa, mimi nimempata cha kichwa, na yule askari amenipa tini!"

Hatukuwa tumemwambia yule ni nani. Tulidhani tunamhurumia. Nilichota maji nikamwosha mikono, kidole kimoja kimoja, na yeye anaendelea kunisimulia jinsi tanipu ilivyopasuka. Drusiana alikuwa ameugeukia ukuta.

"Sista amesema mwakani nitaweza kusoma majina," Fiore akasema. "Yule mtu anaitwaje, mama?"

"Kula tini lako."

Usiku ule ndani yangu kitu kilisimama na hakikukaa tena. Mwakani. Mwakani angesoma jina la baba yake chini ya alama ya tanipu yake mwenyewe. Mpaka hapo picha ile lazima iwe imefutwa, na ifutwe na mdomo ule ule uliomchora.

Njia nilikuwa nimeikalia muda wote. Kwetu mtoto anapoachishwa ziwa hufanywa karamu, na siku hiyo mnyonyeshaji hukaa kiti cha juu, huvishwa shali la mama mwenye nyumba, na mbele ya baba wa ubatizo huomba kitu kimoja. Ombi la ziwa halikataliwi. Wapo walioomba mbuzi. Mmoja aliomba asiamkiwe na mtu kwa jina lake la utani, na mpaka leo mji mzima unajizuia. Na baba wa ubatizo wa Lapo alikuwa Markizi Ercolano mwenyewe.

"Omba shamba," Drusiana alisema nilipomweleza. "Omba shamba tuondoke hapa."

"Nitaomba kiapo. Ormanno aapishwe juu ya kichwa cha Lapo kwamba ni Tebaldo aliyefungua lango."

Aliweka kisu chini. Nilidhani atacheka kwa furaha. Ni yeye aliyenitajia mto wa kulalia. Badala yake akaniuliza:

"Na akiapa?"

"Hataapa."

"Nakuuliza, akiapa? Mtoto atakufa ndani ya mwaka. Wewe uliyeshindwa kumwekea mto usoni, utamuua kwa maneno?"

"Hataapa, mama! Nimemwona alfajiri. Nimemwona anavyoweka kidole chini ya pua ile."

"Mtu aliyeuza mji mzima."

"Aliuza mji. Hakuwa na Lapo."

Drusiana akachukua tena kisu chake. "Umempenda mtoto huyo," akasema, siyo kwa kulaumu, kama mtu anayesema mvua imeanza.

Asubuhi ya karamu nilivishwa shali la Bibi Lisabetta, nikajipaka shubiri matitini. Lapo alikuja mbio kama kawaida, amefungua mdomo toka mlangoni, akaonja. Alitema. Akanitazama. Akaonja tena, kwa sababu haikuwezekana, ni mimi. Alipotema mara ya pili hakulia, alinitazama tu, na nilitaka kufuta shubiri, nivue shali, nikaombe mbuzi. Nilimbeba hivyo hivyo mpaka ukumbini.

Meza zilikuwa zimejaa: bata wa kuokwa kwa zabibu, samaki wa mtoni, mikate yenye umbo la ndege. Markizi alikuwa katikati, mguu wake mbovu juu ya kigoda. Bibi Lisabetta mkono wa kushoto, Ormanno wa kulia, amevaa joho jipya la kijani. Nikakalishwa kiti cha juu, mtoto mapajani.

"Haya, mama wa maziwa!" Markizi akasema. "Huyu mwanangu wa ubatizo umemnenepesha mpaka nikimbeba mgongo unalia. Sema unachotaka."

"Chochote, Bartola!" Ormanno akainua kikombe. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefika ng'ambo. Mwanawe amevuka umri wa hatari, anapumua, ana mashavu. "Ila usiniombe shamba la mizabibu la bonde, mke wangu atanilaza zizini."

"Zizini ndiko kwako!" mpishi akapiga kelele kutoka mlangoni, na ukumbi ukacheka.

Nikasimama.

"Mtukufu Markizi, siombi shamba wala mbuzi. Naomba maneno. Bwana Ormanno amshike mwanawe, aweke mkono juu ya kichwa chake, aape kwamba ni mume wangu Tebaldo aliyefungua Lango la Vinu."

Kicheko kilikatika katikati, mtu mmoja akapaliwa na nyama ya bata.

"Niliapa," Ormanno akasema upesi. "Kila mtu anajua. Niliapa juu ya mfupa wa mtakatifu."

"Ndiyo, Bwana. Siku ile huyu alikuwa hajazaliwa."

"Mjane wa mhaini ananitukana mezani pangu! Nani kamruhusu..."

"Hajakutukana," Markizi akasema. Alikuwa ameshusha mguu wake kutoka kwenye kigoda. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ameomba ombi la ziwa. Mimi nimeomba chumvi leo mara mbili, hakuna aliyekasirika. Apa, Ormanno, tule."

"Mtukufu, ni ushirikina wa wanawake."

"Basi haukuumizi. Apa."

Nilishuka kwenye kiti nikavuka ukumbi. Nilimweka Lapo mikononi mwa baba yake. Ormanno alinitazama na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliniona, siyo ziwa, siyo shali, mimi. Nilimnong'oneza, karibu kabisa na sikio:

"Kiapo hakikulegea, Bwana. Nilimnyonyesha yeye. Wewe sikukusamehe hata siku moja."

Aliweka kiganja juu ya nywele za mtoto. Kilikuwa kikubwa, kilifunika kichwa chote.

"Naapa," akasema. "Naapa juu ya kichwa cha mwanangu Lapo, kwamba usiku ule, mimi, kwa macho yangu..."

Hapo ndipo nilipojua nilichokifanya. Ilibaki neno moja, na lile neno likitoka mtoto wangu wa maziwa amekwisha. Maziwa yalinishuka yenyewe, yakachanganyika na shubiri, shali la Bibi Lisabetta likalowa. Nilifungua mdomo niseme acha, basi, nipeni mbuzi. Haukutoka hata mlio. Nilikuwa namwombea mtu niliyemchukia kuliko wote duniani asiwe mwongo mara moja tu.

"Kwa macho yangu nilimwona..."

Mkono wake ukateleza. Ulishuka kwenye shavu la mtoto, ukashuka begani, ukaning'inia. Hakusema jina. Bibi Lisabetta akasimama, akamtazama mumewe kama anavyotazamwa mtu asiyejulikana aliyeingia nyumbani, akakaa tena.

Markizi alichukua kisu chake cha mezani, akakifuta taratibu kwa mkate, akakiweka.

"Ridolfo wangu alikuwa na shati la kulalia tu," akasema. "Fungeni mlango. Na mtu aende akamwite mchoraji, aje na chokaa na rangi zake."

Nilifurahi. Sitadanganya. Furaha ilinipanda toka nyayoni, moto, mbaya, kama divai kwa mtu mwenye njaa. Niliona ukuta ukifutwa. Niliona mguu mwingine ukifungwa juu, na joho la kijani likining'inia. Nilimwona Tebaldo wangu akitoka kwenye chokaa kichwa juu. Askari wawili walikuwa wanakuja kati ya meza, kofia zao zikigongana na taa, na hakuna aliyekula.

Nikanyoosha mikono kumchukua mtoto. Ormanno hakumwachia mara moja, wala hakumng'ang'ania. Alikuwa amesimama tu, kama mlango uliosahauliwa wazi. Lapo alikuwa ameweka viganja vyake vyote viwili kwenye uso wa baba yake. Akavitazama, vimelowa. Akanigeukia mimi, mimi niliyemlisha shubiri asubuhi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni:

"Baba analia."